Longibodi

Longibodi ni ubao wenye magurudumu manne ambao mtu mmoja husimama juu yake na kuutumia kwa usafiri, burudani au mashindano. Ni jamii moja na skeitibodi ya kawaida, lakini kwa kawaida ni ndefu zaidi, magurudumu yake ni makubwa na laini zaidi, na vyuma vinavyobeba magurudumu vimeundwa kwa ajili ya kukata kona kwa utulivu badala ya kuruka na kufanya vituko.

Longibodi ina sehemu kuu tatu: ubao wenyewe, traki mbili na magurudumu manne. Traki ni chuma kinachofungwa chini ya ubao na kushika ekseli. Haihusiani na gari kubwa la mizigo lenye jina hilo. Chombo hiki hakina usukani wala breki. Kinaongozwa kwa kuinamisha mwili na kusimamishwa kwa mguu. Kwa hiyo namna sehemu zake zilivyochaguliwa na kufungwa ndiyo inayoamua kama kitatii au kitamwangusha anayekitumia. Ubao ulio mzuri kwa mtu mwenye kilo 50 anayekwenda shule kwenye barabara tambarare unaweza kuwa hatari kwa mtu mwenye kilo 90 anayeteremka mlima.

Historia

Skeitibodi zilianza California na Hawaii, nchini Marekani, katika miaka ya 1950. Watu waliozoea kuteleza juu ya mawimbi walitafuta namna ya kufanya hivyo barabarani siku ambazo bahari ilikuwa shwari. Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya chuma, yaliyotolewa kwenye viatu vya magurudumu. Baadaye yakaja yaliyotengenezwa kwa mchanganyiko wenye udongo wa mfinyanzi. Yote mawili yalikuwa magumu na hayakushika barabara vizuri. Kijiwe kidogo kilitosha kulizuia gurudumu na kumtupa mtu mbele. Mchezo ulipata umaarufu mkubwa katikati ya miaka ya 1960, kisha ukafifia.

Mabadiliko makubwa yalitokea mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Frank Nasworthy alipoanza kuuza magurudumu ya poliurethani, aina ya plastiki inayonepa kidogo na kurudi katika umbo lake. Aliyauza kwa jina la Cadillac Wheels. Magurudumu hayo yalipita juu ya vijiwe na kushika lami, na mchezo ukafufuka. Katikati ya muongo huo kampuni kama Tracker ya California zilianza kutengeneza traki pana zilizobuniwa kwa ajili ya skeitibodi, badala ya zile zilizotokana na viatu vya magurudumu.

Baadaye skeitibodi za mitaani zilichukua umbo lililozoeleka leo: fupi, zilizopinda juu mbele na nyuma, zenye magurudumu madogo na magumu. Mbao ndefu zilibaki kwa wachache hadi miaka ya 1990, zilipoanza kutengenezwa tena kwa wingi. Kati ya kampuni zilizochangia ni Sector 9, iliyoanzishwa mwaka 1993 huko La Jolla, California.

Mbio za kuteremka milima zimeonyesha uwezo wa chombo hiki. Mwaka 2017 Mwingereza Pete Connolly alifikia kasi ya kilomita 146.73 kwa saa huko Les Éboulements, jimbo la Québec, nchini Kanada. Skeitibodi iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020, iliyofanyika mwaka 2021, lakini kwa mashindano ya mtaani na ya bustani tu. Mbio za longibodi hazikuwemo.

Kuchagua kulingana na matumizi

Hakuna longibodi moja inayofaa kwa kila kazi. Kabla ya kuangalia rangi au bei, mnunuzi anapaswa kujua ataitumia wapi. Matumizi ya kawaida ni manne:

* Usafiri mjini: safari za kwenda kazini, shuleni au dukani kwenye barabara tambarare. Hapa hutakiwa ubao wa chini ambao ni rahisi kuusukuma kwa mguu, na magurudumu yanayovumilia nyufa za lami.
* Kukata kona: kuteremka miteremko midogo kwa kupinda kushoto na kulia, kama anayeteleza juu ya wimbi. Hutakiwa ubao unaonepa na traki zinazoitika upesi.
* Dansi: kutembea juu ya ubao na kuzunguka huku ukiendelea kwenda. Hutakiwa ubao mrefu na mpana, mara nyingi wenye sentimita 105 hadi 130.
* Kuteremka milima kwa kasi: hutakiwa ubao mgumu usionepa, traki zisizoitika haraka mno na magurudumu yanayoshika barabara.

Anayeanza hushauriwa kuchagua ubao wa usafiri mjini. Akishajua kusukuma, kupinda na kusimama, ataweza kubadilisha traki au magurudumu bila kununua chombo kipya.

Ubao

Malighafi

Mbao nyingi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mti wa mepli, ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Skeitibodi ya kawaida huwa na tabaka 7; longibodi inaweza kuwa na tabaka 8, 9 au zaidi. Tabaka hizo hugundishwa na kukandamizwa pamoja, nyingine zikiwa zimelazwa kwa mkingamo ili ubao usipasuke kwa kufuata nyuzi za mti. Mbao nyingine hutengenezwa kwa mwanzi, mara nyingi zikiwa na tabaka za faibaglasi juu na chini. Mwanzi hunepa na kurudi vizuri, kwa hiyo hupendwa kwa kukata kona na dansi.

Namna ya kukaa juu ya traki

* Ubao wa juu hukaa juu ya traki moja kwa moja. Mguu unapokandamiza ukingo, nguvu hufika kwenye traki kama inayopitia wenzo, kwa hiyo ubao huitika upesi na magurudumu hushika barabara vizuri kwenye kona. Ubaya wake ni kimo: mguu unaosukuma lazima ushuke mbali zaidi ili kufika chini, na mguu mwingine huchoka.
* Ubao uliotobolewa una tundu kubwa kila upande. Traki hupitishwa humo na kitako chake hufungwa upande wa juu. Ubao hushuka kwa sentimita 2 hivi. Kitovu cha uzito huwa chini, na kusukuma na kusimama huwa rahisi.
* Ubao ulioshushwa umepindwa ili sehemu ya kusimamia iwe chini kuliko ncha zinazobeba traki. Hupunguza kimo na pia humpa mtumiaji mahali pa kuegemeza mguu.

Kwa safari ndefu, tofauti ya sentimita 2 si ndogo. Anayesukuma mara 500 katika safari moja huukunja mguu unaobaki juu ya ubao mara 500, na kila sentimita ya kimo huongeza kazi ya goti hilo.

Mnepo na mbonyeo

Mnepo ni kiasi ambacho ubao hushuka katikati mtu anapousimamia. Mnepo hufyonza mtikisiko wa barabara mbaya, lakini katika kasi kubwa huufanya ubao ujikunje na traki zibadilishe pembe. Ndiyo maana mbao za mbio ni ngumu. Watengenezaji wengi hutoa ubao mmoja katika viwango tofauti vya mnepo kulingana na uzito wa mtu. Ubao ulioundwa kwa mtu mzito huwa kama benchi kwa mtu mwepesi. Ulioundwa kwa mtu mwepesi huweza kukaribia kugusa barabara ukisimamiwa na mtu mzito.

Mbonyeo ni namna kingo za ubao zinavyoinuka kuliko katikati yake. Humwezesha mtumiaji kujua kwa unyayo mguu wake uko wapi bila kuangalia chini. Mbonyeo mkubwa hufaa katika kasi na katika kuteleza kwa ubavu; katika safari ndefu huumiza unyayo.

Upande wa juu hubandikwa karatasi ya msasa yenye gundi ili viatu visiteleze.

Umbali kati ya traki

Umbali huu huathiri kona kuliko urefu wa ubao wenyewe. Traki zikiwa mbali, ubao hukata kona pana na hutulia. Zikiwa karibu, hugeuka katika nafasi ndogo. Baadhi ya mbao zina safu zaidi ya moja ya matundu ili mtumiaji achague.

Traki

Sehemu za traki

Traki ina kitako kinachofungwa kwenye ubao, mkono unaoshika ekseli, kingpini (boliti kubwa inayounganisha viwili hivyo) na bushi mbili. Bushi ni vipande vya mpira wa poliurethani vinavyozunguka kingpini: kimoja upande wa ubao, kingine upande wa barabara. Mtu anapoinama, bushi hubanwa upande mmoja. Akinyanyuka, hujirudisha na kuurudisha ubao katikati.

Kuna aina mbili kuu. Traki za kawaida, zinazotumika kwenye skeitibodi, zina kingpini inayotazama katikati ya ubao. Traki nyingi za longibodi zina kingpini iliyogeuzwa, inayotazama nje, kuelekea mbele na nyuma. Hizi hukata kona kwa mfululizo ulio sawa na hutulia zaidi katika kasi.

Pembe ya kitako

Traki hupewa namba ya nyuzi, kwa mfano 50 au 42. Namba hiyo ni pembe kati ya mhimili ambao mkono wa traki huzungukia na uso wa ubao. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo ekseli inavyogeuka zaidi kwa kila kiasi cha kuinama. Uhusiano huo unaweza kuandikwa hivi:

tan K = tan P × sin M

ambapo K ni pembe ambayo ekseli inageuka, P ni pembe ya kitako, na M ni mlalo wa ubao. Tuchukue mlalo wa nyuzi 10:

* kitako cha nyuzi 50: ekseli hugeuka nyuzi 11.7
* kitako cha nyuzi 42: ekseli hugeuka nyuzi 8.9
* kitako cha nyuzi 30: ekseli hugeuka nyuzi 5.7

Kama traki zote mbili zina pembe moja, nusu-kipenyo cha kona hupatikana kwa kugawanya nusu ya umbali kati ya traki kwa tan K. Ubao wenye umbali wa sentimita 70 na vitako vya nyuzi 50 utazunguka katika duara lenye nusu-kipenyo cha mita 1.7 hivi. Ukifungwa vitako vya nyuzi 30, na mtu akiinama vilevile, nusu-kipenyo huwa mita 3.5. Barabara ya mtaa yenye upana wa mita 6 inamtosha wa kwanza kugeuka na kurudi alikotoka. Wa pili ataishia kwenye mtaro.

Hesabu hiyo haionyeshi kwamba namba kubwa ni bora. Katika kasi ya kilomita 50 kwa saa, mguu ukitetemeka kidogo tu ubao hulala, na traki ya nyuzi 50 hugeuza tetemeko hilo kuwa kona. Kwa matumizi ya mjini na kukata kona, nyuzi 50 ni za kawaida. Wanaoteremka kwa kasi huchagua ndogo zaidi, na wengi hufunga kubwa mbele na ndogo nyuma.

Upana

Upana wa ekseli, pamoja na magurudumu, hutakiwa ukaribiane na upana wa ubao. Traki nyingi za longibodi zina mikono ya milimita 150 hadi 180. Ekseli fupi kuliko ubao huufanya upinduke kwa urahisi mguu unapokandamiza ukingo. Ikizidi sana, mguu unaosukuma hugonga magurudumu.

Bushi

Bushi ni sehemu ndogo na ya bei nafuu, lakini ndiyo inayobadilisha tabia ya ubao kuliko sehemu nyingine yoyote. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo chenye herufi A, na namba kubwa huonyesha ugumu zaidi. Kwa makadirio, mtu wa kilo 45 hadi 60 huanza na bushi za 78A hadi 83A. Wa kilo 60 hadi 80, 83A hadi 87A. Wa zaidi ya kilo 80, 87A hadi 93A.

Traki mpya huja na bushi zilizolengwa kwa mtu wa uzito wa kati. Mtu mzito huzikaza nati kwa nguvu ili ubao usiyumbe, na mtu mwepesi huzilegeza mpaka nati inakaribia kutoka. Yote mawili ni dalili kwamba bushi si zake. Bushi iliyokazwa kupita kiasi huvimba pembeni, hupasuka na haimrudishi mtu katikati vizuri. Iliyolegezwa mno huacha nafasi kwenye kingpini na traki hucheza. Dawa ni kununua bushi zinazolingana na uzito na kuzikaza kwa wastani.

Umbo pia lina kazi yake. Bushi ya mfano wa pipa hupinga kuinama na huleta utulivu. Bushi ya mfano wa koni huruhusu kuinama zaidi. Mpangilio unaotumika sana ni pipa upande wa ubao na koni upande wa barabara. Kwa kasi, mapipa pande zote.

Magurudumu

Kipenyo

Magurudumu ya longibodi huwa na kipenyo cha milimita 65 hadi 80 hivi. Ya skeitibodi ya mtaani ni milimita 50 hadi 56. Gurudumu kubwa hupanda nyufa na vijiwe kwa urahisi na hudumisha kasi. Dogo huchukua kasi upesi na hushusha ubao. Kwa usafiri mjini, milimita 70 ni chaguo la kati.

Ugumu

Hapa pia hutumika kipimo cha A. Magurudumu ya longibodi mengi ni 75A hadi 86A, na ya skeitibodi hufikia 99A. Gurudumu laini hufyonza mtikisiko, hushika barabara na halina kelele nyingi. Gumu huteleza kwa urahisi na huchelewa kulika. Kwenye lami ya kokoto au barabara yenye viraka, 78A hadi 80A humwokoa mtumiaji na ganzi ya nyayo.

Kingo na kiini

Gurudumu lenye kingo kali hung'ang'ania barabara kwenye kona. Lenye kingo za mviringo huachia taratibu, kwa hiyo hufaa kujifunzia kuteleza kwa ubavu, ambako ni njia mojawapo ya kupunguza kasi. Kiini ni sehemu ngumu ya ndani inayoshika beringi. Kikiwa pembeni, gurudumu huteleza mapema; kikiwa karibu na katikati, hushika zaidi, na gurudumu linaweza kugeuzwa upande likianza kulika.

Beringi

Kila gurudumu lina beringi mbili. Karibu zote ni za saizi 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22 na unene milimita 7. Saizi hiyo hutumika pia katika mashine nyingi ndogo, kwa hiyo hupatikana katika maduka ya vipuri hata mahali pasipo duka la michezo.

Wauzaji husifia beringi kwa kipimo cha ABEC chenye namba 1, 3, 5, 7 na 9, ambacho huonyesha usahihi wa utengenezaji. Wengi hudhani namba kubwa ni kasi kubwa. Hesabu inaonyesha vingine: gurudumu la milimita 70 likienda kilomita 30 kwa saa huzunguka mara 2,270 hivi kwa dakika, ambayo ni kazi nyepesi kwa beringi yoyote nzima ya saizi hiyo. Usafi na grisi au mafuta yanayofaa huleta tofauti kubwa kuliko namba.

Gurudumu kugusa ubao

Kwenye ubao wa juu, mtu akiinama sana gurudumu linaweza kugusa upande wa chini wa ubao. Likigusa, husimama ghafla, lakini mtu huendelea mbele kwa kasi ileile aliyokuwa nayo. Hii ni mojawapo ya sababu kubwa za kuanguka kwa watu waliobadilisha magurudumu bila kupima.

Kuna njia nne za kuzuia: kuweka kipande cha kuinulia kati ya kitako na ubao, kuchagua magurudumu madogo, kufunga bushi ngumu zaidi, au kutumia ubao wenye vikato juu ya magurudumu. Kipimo ni rahisi. Ubao uwekwe chini, mtu asimame ukingoni akiwa ameshika ukuta na kuulaza mpaka mwisho wake. Mwenzake achungulie kama kuna nafasi kati ya gurudumu na ubao. Kisha wafanye hivyo upande wa pili.

Kuunganisha

Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi au kitufe cha pembe sita kulingana na kichwa cha skrubu, na spana tatu: takriban milimita 10 kwa nati za skrubu, 13 kwa nati za ekseli na 14 kwa nati ya kingpini. Hatua ni hizi:

1. Karatasi ya msasa ibandikwe kuanzia katikati kwenda kingo ili isiache mapovu ya hewa, kisha ikatwe kufuata umbo la ubao. Matundu ya skrubu yatobolewe kutoka upande wa chini.
2. Traki ziwekwe mahali pake. Za kingpini iliyogeuzwa zitazame nje, zote mbili. Za kawaida zitazame ndani. Traki moja ikigeuzwa vibaya, ubao hautakata kona ipasavyo: ncha moja hugeukia upande wa mtu anakoinama na nyingine huvuta kinyume.
3. Skrubu nne za kila traki zikazwe kwa mkingamo, moja baada ya nyingine, kama nati za tairi la gari. Kila skrubu ipite nati kwa mizunguko miwili au mitatu. Zisikazwe mpaka vichwa vizame ndani ya mbao.
4. Beringi zisukumwe ndani ya magurudumu. Kati ya beringi mbili kuwe na spesa, bomba dogo linalozuia beringi zisibanwe kwa ubavu.
5. Kwenye ekseli itangulie washa ndogo, lifuate gurudumu, kisha washa nyingine na nati. Nati ikazwe mpaka gurudumu lisicheze, kisha ihakikishwe kwamba linazunguka kwa uhuru.
6. Nati ya kingpini ikazwe mpaka washa za bushi zisiweze kuzungushwa kwa vidole kwa urahisi. Huo ni mwanzo. Marekebisho hufanywa baada ya kujaribu.
7. Kipimo cha gurudumu kugusa ubao kifanywe kabla ya safari ya kwanza.

Kuyumba kwa kasi

Kuyumba kwa kasi ni hali ambapo ubao huanza kutikisika kushoto na kulia peke yake, na kila mtikisiko huwa mkubwa kuliko uliotangulia. Chanzo ni kujirudia kwa makosa: ubao unalala kidogo, traki inageuka, mwili unarudisha kwa kuchelewa na kupitiliza, na ubao unalala upande wa pili.

Mtu akikaza misuli au kurudi nyuma kwa hofu, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu uzito ukihamia nyuma traki ya nyuma huanza kuongoza. Ni sawa na gari linaloongozwa kwa magurudumu ya nyuma. Njia sahihi ni kuinama, kulegeza magoti na kuweka uzito mkubwa kwenye mguu wa mbele.

Upande wa chombo, tiba ni bushi zinazolingana na uzito, traki ya nyuma yenye pembe ndogo au bushi ngumu zaidi kuliko ya mbele, na kuondoa sehemu zinazocheza. Kukaza kingpini peke yake huchelewesha tatizo tu: huanza katika kasi kubwa zaidi, mahali ambapo kuanguka kunaumiza zaidi.

Kununua kilichotumika

Longibodi nyingi huuzwa zikiwa zimetumika. Mambo ya kukagua ni haya: nyufa kuzunguka matundu ya skrubu, tabaka zinazoachana kwenye kingo, mkono wa traki uliopinda, bushi zilizopasuka, na magurudumu yaliyobapa upande mmoja. Bushi, beringi na magurudumu hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ubao uliopasuka au traki iliyopinda si ya kununuliwa kwa bei yoyote.

Longibodi za bei ya chini sana zinazouzwa pamoja na vitu vya kuchezea watoto mara nyingi huwa na magurudumu ya plastiki ngumu isiyo poliurethani. Hayashiki barabara, na kijiwe kidogo huyazuia, tatizo lilelile la magurudumu ya udongo ya miaka ya 1960.

Matunzo

Maji na mchanga ni maadui wakubwa. Ubao wa tabaka ukilowa hujipinda na gundi huachia. Beringi zilizoingia maji zinapaswa kutolewa, kusafishwa kwa kiyeyushi, kukaushwa kabisa na kutiwa mafuta. Katika miji ya pwani, chumvi ya bahari huharakisha kutu, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa mara kwa mara zaidi.

Nati zote zikaguliwe kila baada ya majuma machache, kwa kuwa mtikisiko huzilegeza. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yabadilishane nafasi kwa mkingamo ili yalike sawasawa.

Usalama

Umbali wa kusimama huongezeka kwa mraba wa kasi: anayekwenda kilomita 30 kwa saa huhitaji umbali mara nne ya yule wa kilomita 15, nguvu ya breki ikiwa ileile. Kwa sababu hiyo, kujifunza kusimama hutangulia kujifunza kuteremka. Njia ya kwanza ni kuburuza soli ya mguu mmoja barabarani huku uzito ukibaki kwenye mguu ulio juu ya ubao. Njia ya pili, kwa waliozoea, ni kugeuza ubao ubavu ili magurudumu yateleze, mkono mmoja ukiegemea chini kwa glavu yenye kipande cha plastiki ngumu. Mtindo unaojulikana zaidi wa namna hii umepewa jina la Cliff Coleman wa California.

Helmeti huvaliwa kila wakati, pamoja na viatu vya soli bapa. Wanaoanza huongeza kinga za magoti, viwiko na viganja. Mteremko usiojulikana hutembelewa kwanza kwa miguu, ili kuona mashimo, mchanga, makutano ya barabara na mahali ambapo ubao unaweza kupunguza mwendo wenyewe mwishoni.